Doa Chini ya Hina

Wanangu mnaochora hina siku hizi, nawaona kwenye simu. Mikono yenu myepesi, mashaallah, na maua yenu ni membamba kuliko yangu yalivyopata kuwa. Koni za hina mnanunua dukani, mifano mnatoa mtandaoni, na mkimaliza mnampiga bi harusi picha mkono wake ukiwa juu ya mto mweupe. Yote hayo nayapenda. Lakini sijaona hata mmoja wenu anayemwosha mteja miguu. Anakuja na miguu yake kama alivyotoka nayo nyumbani, mnaifuta kwa kikaratasi chenye majimaji, kisha mnaanza. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia. Vidole vyangu vimekakamaa, koni hainishikiki tena, lakini kalamu naimudu kidogo kidogo.

Mimi ni mtoto wa Kizanzibari wa Jidda, Saudia. Wazee wangu walikuja huku mwaka wa mapinduzi, nami nikazaliwa hapa na kuzeekea hapa. Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, Bi Tatu, mwanamke mkali aliyekuwa akinifinya sikio kila nikikosea. Wakati huo hina ilikuwa majani. Tulitwanga wenyewe, tukachekecha kwa kitambaa cha shashi, tukakanda kwa maji ya chai ya rangi na ndimu, tukafunika na kusubiri mpaka rangi ipande juu. Bi Tatu hakutazama saa. Alichovya kidole, akajipaka tone kiganjani, akaendelea na shughuli zake. Akilifuta tone lile na kuona pameshika wekundu, ndipo tukaanza kazi.

Kabla ya hapo lazima mguu uoshwe, na uoshwe na fundi mwenyewe. Nilimuuliza siku moja, "Shangazi, kwani huyu mtu hana mikono?" Akanijibu, "Humwoshi kwa kuwa mchafu, we mtoto. Unamwosha upate kuujua mguu wake." Na kweli, ukiuosha mguu utajua pa mafuta, pakavu, palipopasuka, na pale mtu anaposhtuka ukimgusa. Penye mafuta hina haishiki, penye mpasuko inaingia na kuwasha. Mimi nimeosha miguu ya watu mpaka nikawa namjua mteja kwa nyayo kabla sijamwangalia usoni.

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa hodari tangu mwanzo. Bi harusi wangu wa mwanzo peke yangu, bila Bi Tatu, nilimpamba mikono yote miwili viganjani, nikamwambia akae atulie. Masikini, alikuwa amechoka, akalala na kiganja chake shavuni. Alipoamka alikuwa na ua zima upande wa kulia wa uso, limeshika vizuri kuliko la mkononi! Tulisugua kwa ndimu, kwa mafuta, kwa dawa ya meno, wapi. Harusi nzima alijifunika mtandio upande mmoja, na wakwe wakamsifu kwa haya zake. Tangu siku ile bi harusi wangu namkalisha kwenye kiti kisicho na mgongo.

Nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa, hapa Jidda, ndiyo iliyonilea kikazi. Waarabu wa hapa hapa, watu wakarimu, wanawake wengi na harusi haziishi. Babu yao aliendesha malori ujana wake wote, jua linampiga upande wa dirishani, akatokwa na kidonda pembeni mwa pua kisichopona. Kila nikienda nakuta dawa mpya. Mara asali na habasoda, nzi wakimpenda kuliko wajukuu. Mara mkojo wa ngamia, na hapo sisi wanawake ndio tuliomkimbia. Kisha akaletwa bwana mmoja wa kuchoma watu kwa chuma cha moto, akamchoma, kidonda kikafunga juu kwa muda halafu kikarudi kikubwa zaidi. Mwishowe binti yake alimpeleka hospitali kwa ugomvi. Wakakikata kidonda, akarudi jioni ile ile na plasta puani, anadai kahawa. Alikasirika sana kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi kile na watu walimwacha ahangaike. Watu wenyewe ndio waliokuwa wakimbembeleza kila siku aende hospitali.

Kidonda kile kilikuwa saratani ya ngozi, na hapo ndipo nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Nikaweka akilini kwamba huo ni ugonjwa wa watu weupe na wa jua kali. Sisi weusi Mungu ametukinga, nikasema, na nikawaambia na wenzangu. Sikuwa peke yangu katika fikra hiyo, na mpaka leo nawasikia watu wakiirudia.

Familia ile baadaye ilihamia Riyadh, Al-Malqa, kwenye jumba lenye ngazi mpaka zikuchoshe. Hawakumtaka fundi mwingine. Kila harusi na kila Idi waliniita, nikapanda basi, nikakaa kwao siku kadhaa. Chumba changu kilikuwa kile cha nyuma ya jiko, pamoja na mfanyakazi wao wa ndani, Mwende, Mkamba wa Kitui.

Niwaambie jambo moja kuhusu kazi hii, kwa sababu hakuna atakayewaambia. Ni kazi ya watu wengi na ya upweke mwingi. Mume wangu alitangulia mapema, watoto sikujaliwa. Siku nzima nimeshika mikono ya watu, nasikiliza siri zao, nacheka nao, na hina ikikauka kila mmoja anakwenda kwa wake. Mimi nafunga kapu langu narudi mtaani kwangu Kandara, Jidda, kwenye chumba ambacho nikitoka asubuhi nimeacha kikombe mezani, nikirudi nakikuta pale pale. Watu wengi nimewagusa, lakini mtu wa kunigusa mimi sikuwa naye.

Mwende ndiye aliyebadilisha hilo. Siku ya kwanza aliniona nimejishika kiuno, akasema, "Mama Hina, lala hapo nikukande, mgongo wako umekaa kama wa punda wa maji." Akanikanda. Akanipikia chai yao ya maziwa mengi, akanionyesha picha za mwanawe, Kyalo, mvulana mrefu mwenye meno kama ya mama yake. Nilikuwa nangoja Idi kama mtoto anayengoja nguo mpya, na si kwa sababu ya Idi yenyewe. Nilikuwa nampenda yule mwanamke kama mwanangu.

Wenyeji wakimaliza kupambwa, hina iliyobaki nilimpaka yeye. Mwanzo alikataa. "Mimi ni Mkristo, Mama Hina. Pasta akiniona?"

"Pasta akukague nyayo?" nikamwambia. "Kaa hapa, mguu hauna dini."

Nilipomwosha nikaona doa jeusi kwenye kisigino cha kushoto. Dogo, limekaa mshazari. Akasema alijigonga kwenye ngazi. Nikapaka hina, kisigino chote kikawa chekundu cha kukolea, doa likapotea. Akafurahi. Na kwetu, kama mnavyojua, hina ni dawa pia. Tunaipaka kwenye nyufa, kwenye fangasi, kwenye miguu inayowaka moto. Kwa hiyo akaniambia, "Hii kitu yako inatibu," nami sikubisha.

Nilipokwenda tena doa lilikuwa limekua. Na kwenye dirisha la chumba chetu nikakuta duka zima: siki ya tufaha, vitunguu saumu, habasoda, magadi, na kopo dogo lisilo na jina.

"Mwende, hivi vyote vya nini?"

"Ni za mguu. Kwa group yetu ya WhatsApp wamenisaidia sana." Akaanza kunihesabia huku anacheka. "Hii siki naloweka pamba nafunga. Kitunguu saumu ilikuwa balaa, wueh! Nilifunga nikalala, nikaamka nikidhani nimekanyaga jiko. Malengelenge hivi! Lakini huyu msee mwingine aliniambia ikichoma ndio inafanya kazi."

"Na hili kopo?"

"Hiyo ndio dawa yenyewe. Dada mmoja wa Dammam anauza. Inang'oa mizizi."

Ndani ya kopo kulikuwa na uji mweusi mzito, unanuka kama lami. Alikuwa ameupaka, ngozi ikaungua, ikatoka kipande kizima kikavu, na chini yake pakaota ngozi mpya ya waridi. Alinionyesha kwa fahari. "Ona, si imetoka na mizizi yake? Nilipiga picha nikatuma kwa group, watu wakaniombea."

Niliupakata mguu ule nikautazama kwa muda mrefu. Wanangu, sisi hatujasomea udaktari. Lakini rangi juu ya ngozi tunaijua, hiyo ndiyo shule yetu. Hina ikikaa kwenye unyayo inaanza kuondoka pale panapobeba uzito, na kisigino ndicho cha mwanzo kupauka. Inaondoka kutoka pembeni, inamegeka, inakuwa vipande. Hapa pembeni mwa kovu lile la waridi weusi ulikuwa unatoka upya, na ulikuwa unakwenda nje. Hapakuwa na hata sehemu moja iliyopauka. Nikakumbuka kidonda cha pua cha yule babu, jinsi kilivyofunga juu na kurudi.

Nikamwambia, "Mwanangu, hili tukalionyeshe kwa daktari."

Akauvuta mguu wake. "Mama Hina, wacha. Unajua vile hawa watu wako. Wakisikia mgonjwa, ni airport. Kyalo yuko form three."

"Madam wako si mtu mbaya."

"Si mbaya kwako. Wewe unakuja unapamba unaenda. Mimi wananihitaji nikiwa na miguu miwili." Kisha akanibembeleza, na hapo ndipo aliponikata maini. "Nipake ile hina yako, nyingi, hadi kwa kifundo. Madam ameanza kuniangalia vile natembea. Akiona ni urembo hatauliza."

Nikakataa. Nilikuwa sijawahi kumnyima hina mtu yeyote aliyeketi mbele yangu. Akaninunia siku nzima, akaipaka mwenyewe kutoka kwenye bakuli langu nilipokuwa nikiswali, ovyo ovyo, kama mtu anayesiriba ukuta. Baadaye akanikalia kitandani akasema, "Usiambie mtu. Nakuomba kama mama yangu." Sikusema ndiyo wala la. Yeye akaelewa kwamba nimekubali, akanikanda mabega.

Harusi ilikuwa ya binti mdogo wa nyumba. Asubuhi yake madam, binti wa yule babu wa kidonda, alikuja kwanza, kama kawaida yake, kabla ya wageni, nikaweka beseni, nikauchukua mguu wake mapajani. Mteja akishakupa mguu hana pa kukimbilia, hilo nalo mlijue, ndiyo maana tunaambiwa mengi. Siku ile ilikuwa zamu yangu kusema. Mlangoni nilimsikia Mwende akipanda ngazi na sinia, hatua moja nzito, moja ya kuchechemea. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitampoteza. Nilijua pia kwamba nikinyamaza nitampoteza, ila itachukua muda zaidi, na muda huo atakuwa ananipenda. Wallahi hilo la pili lilinivuta.

Nikamwambia madam kwa Kiarabu kwamba Mwende ana doa kisigino ambalo si doa, na kwamba hina ile aliyojipaka ni ya kulificha.

Jambo la kwanza aliloniuliza, "Linaambukiza?"

"Haliambukizi. Ni kama la baba yako puani."

Neno hilo likamwingia, maana alimpenda sana baba yake. Kisha akamwita Mwende, akamwambia avue soksi. Mwende hakumtazama madam. Alinitazama mimi, anavua soksi polepole, na akasema kwa Kiswahili, ili madam asielewe, "Hata wewe, Mama Hina."

Hakulia wala hakupiga kelele. Alirudi jikoni akaendelea kupanga vikombe, na tangu hapo hakuniambia neno lingine. Usiku ule tulilala chumba kimoja, kila mtu ameuelekea ukuta wake. Nilirudi Jidda na kapu langu, na ndani ya basi nililia, mama mtu mzima, mpaka jirani yangu akanipa maji.

Habari zilizofuata niliambiwa na madam kwa simu. Hospitali walikata kipande kidogo wakakipima, wakakuta ni saratani ya ngozi, ile nyeusi, ambayo sisi watu weusi inapenda kututokea nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali jua lisipofika. Daktari aliuliza kovu lile limetoka wapi. Alipoambiwa habari za kopo, alisema uji ule uliunguza ngozi ya juu tu, ikafunga vizuri ya kupendeza, na ugonjwa ukaendelea chini bila mtu kuuona. Wakamkata sehemu ya kisigino, wakachukua ngozi ya paja wakaziba. Wakasema imewahiwa.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha madam akaendelea, "Tumemtibu, alhamdulillahi. Lakini ngazi zangu unazijua. Mume wangu ameshamkatia karatasi za kurudi kwao. Halas, imekwisha."

Basi yote mawili yalikuwa kweli. Niliyoyaogopa mimi yalikuwa kweli, na aliyoyaogopa Mwende yalikuwa kweli vile vile. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Nikatuma sauti, ikabaki na alama moja tu ya kijivu, haikufika. Nilituma Ramadhani, nikatuma Krismasi yao, nikatuma siku nilipoota amekuja kunikanda. Kijivu. Al-Malqa sikwenda tena, nikasingizia mgongo, na baada ya muda hata hapakuwa na haja ya kusingizia.

Sasa nisikilizeni. Siwaambii mtupe habasoda, mimi mwenyewe naila kila asubuhi na asali yake. Hina ya nyufa ipakeni. Lakini doa jipya linalokua, lenye kingo zisizoeleweka, mstari mweusi chini ya ukucha usioondoka, kidonda kisichopona, hivyo havina hina wala siki wala kitunguu, na asiwadanganye mtu na kopo la kung'oa mizizi. Huyo mteja apelekwe hospitali. Msimfunike. Mkiwa mnaosha mguu na mkaona kitu, mwambieni mwenyewe kwanza, kwa upole, mara nyingi. Mkizidiwa, mtajua wenyewe la kufanya, na siwaahidi kwamba mtashukuriwa. Mimi sikushukuriwa, na chumba changu kilikuwa kimya kuliko kilivyokuwa kabla ya kumjua Mwende. Nilijuta siku nyingine, siku nyingine sikujuta, na siku nyingi nilitamani tu anitukane.

Mwaka huu, mchana mmoja, simu ililia kwa namba ya Kenya nisiyoijua.

"Mama Hina. Ni Mwende."

"Mwanangu!"

"Usiniite mwanangu. Nyamaza kwanza niongee."

Akaongea. Akaniambia nyumba aliyoanza kujenga imebaki kuta, mbuzi wanalala sebuleni. Akaniambia Kyalo aliacha shule, anaendesha bodaboda, na kila akichelewa kurudi yeye anakaa mlangoni ananilaani. Akaniambia anavaa kiatu kimoja chenye sponji, na kanisani watoto wanamwigiza anavyotembea. Aliyasema yote bila kupumzika, kama mtu aliyeyapanga kwa muda mrefu akingoja siku yake.

"Na juzi nimeenda clinic," akasema. "Daktari amenipima, amesema niko sawa, hakuna kitu imerudi. Akasema yule mtu aliyefanya nipelekwe aliniokoa. Nikamwambia hakuniokoa, aliniuza. Sasa nakuuliza, na usinidanganye. Ingekuwa ni mguu wako, na mimi ndio najua, ungetaka niseme?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu la kumpoza, lakini alikuwa ametoka mbali kuniuliza.

"Ningetaka useme," nikamwambia. "Na nisingekusamehe."

Nilisikia mbuzi, nikasikia mtu akichota maji kwa mbali. Nikaogopa kwamba amekata, nikaitazama simu.

"Bado niko," akasema. "Sijamaliza."

Nikasogeza kiti karibu na dirisha, mahali ambapo mtandao unashika vizuri, nikamwambia aendelee.